Apptainer kwa kazi za R: uzoefu wangu hapa Kigoma

Apptainer ni programu ya Linux ya kuendesha kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji. Kazi yangu ni kuchora ramani za joto la maji ya Ziwa Tanganyika na kuzilinganisha na dagaa wanaoshushwa mwaloni Kibirizi. Skripti zangu za R, lugha ya kuchambua data, ni za zamani na zinaitegemea paketi ya rgdal ya kusomea data za ramani, ambayo iliondolewa CRAN (hazina rasmi ya paketi za R) Oktoba 2023 pamoja na rgeos na maptools. Niliponunua kompyuta mpya, skripti iligoma mstari wa kwanza tu. Wiki mbili zikaishia kwenye kuhangaika na GDAL na PROJ, programu za ramani ambazo rgdal huzitegemea, bando likateketea.

Aliyenitoa hapo ni mwenzangu wa Tabora. Alishusha imeji (kontena lililoandaliwa tayari) ya rocker/geospatial, yenye R na paketi za ramani, toleo la R 4.2.2, akaigeuza kuwa faili moja la .sif, akaja nalo kwenye flashi alipopanda treni kuja Kigoma. Nikaweka Apptainer kwenye Linux yangu, nikaandika amri ya apptainer exec ya kuendesha skripti ndani ya kontena, na ramani ya kwanza ikatoka jioni ileile bila intaneti. Nilifurahi mno.

Kinachonivutia zaidi ni hilo faili moja. Unalinakili kama unavyonakili picha, na ndani yake mna R, paketi na kila kinachohitajika. Tena kuliendesha hakuhitaji haki za msimamizi, kwa hiyo hata kwenye kompyuta ya pamoja ya ofisini natumia akaunti yangu ya kawaida.

Lakini kuna jambo lilinisumbua sana. Apptainer hulifungulia kontena folda yako ya nyumbani bila kuuliza. Faili langu la .Renviron, la mipangilio ya R, lilikuwa linaelekeza R kwenye paketi zilizowekwa kwenye kompyuta yenyewe, basi R ya ndani ikazibeba hizo zisizolingana nayo, makosa yakamiminika. Dawa ni kuongeza --no-home kwenye amri, ili folda hiyo isifunguliwe, ukiwa umesimama kwenye folda ya kazi, siyo ya nyumbani. Data iliyo kwenye diski ya nje nayo haionekani mpaka uiunganishe kwa --bind. Ningeliambiwa mapema, ningeokoa siku nzima.

Ukikuta maelekezo ya zamani yanasema Singularity, usibabaike: mradi ni uleule, ulibadilishwa jina 2021 ulipohamia Linux Foundation. Wenye Windows watahitaji kwanza WSL2, inayoendesha Linux ndani ya Windows.

Siku hizi kila ramani ninayokabidhi naiweka folda moja na skripti yake na .sif yake.