Mihadhara ya wazi Ukumbi wa Nkrumah, Mlimani: uzoefu wangu

Nina kibanda cha steshenari Msewe, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Natoa kopi, naprinti, nabaindi tasnifu. Kwa miaka saba chuo kwangu kilikuwa wateja tu, wanakuja na flashi wanaondoka na makaratasi. Siku moja kijana akaleta tangazo nimtolee kopi thelathini. Ulikuwa mhadhara wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na chini kabisa kwa herufi kubwa pameandikwa: WOTE MNAKARIBISHWA.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hao wote ni akina nani?"

Akanitazama kama vile sijamwelewa. "Wote ni wote, dada. Hata wewe."

Siku ile nilifunga saa saba mchana, nikapanda daladala nikashukia Utawala, kituo cha ndani ya chuo. Kutoka pale Nkrumah ni hatua chache. Wenye umri wangu wanaujua ule ukumbi hata kama hawajawahi kukanyaga Mlimani, yaani chuoni hapo, maana ndio uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, ile yenye Mzee Karume mbele. Nimeishika noti ile mara ngapi nikirudisha chenji! Na sasa nimesimama chini ya lile paa lake la zege lililopinda, mlangoni hakuna aliyeniuliza kitambulisho wala kadi ya mwaliko. Kuna daftari la kuandika jina na unakotoka. Mbele yangu watu wameandika idara zao. Mimi nikaandika "Msewe, steshenari", nikaingia.

Kwa wasiokijua, Kigoda hiki ni cha taaluma za Umajumui wa Afrika, yaani lile wazo la Waafrika wote kuwa kitu kimoja, na kilianzishwa 2008. Wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji, mwanasheria, na baada yake Profesa Penina Mlama, ambaye tuliosoma tamthiliya shuleni tunamjua kwa jina la Penina Muhando. Jina lenyewe nalipenda sana: kigoda, kile kiti kifupi cha jikoni na barazani ambacho mtu yeyote anaweza kukivuta akakaa. Mhadhara wake mkuu wa kwanza, Aprili 2009, ulitolewa na mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria, na katika miaka ile mitano ya mwanzo walipita pia mchumi Samir Amin wa Misri, mshairi Micere Githae Mugo wa Kenya na mchumi Thandika Mkandawire wa Malawi. Watu wa uzito huo walikuwa wanazungumza mwendo wa mguu kutoka kibandani kwangu, nami niko bize na spirali. Inaniuma mpaka leo.

Mada ya siku ile ilikuwa ardhi. Mzungumzaji alianza na sheria ya Waingereza ya 1923, iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma na iko chini ya gavana. Akaja taratibu mpaka sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, akaonyesha kwamba gavana aliondoka lakini wazo lilibaki: ardhi bado ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sehemu kubwa ilikuwa kwa Kiingereza na kuna vipande vilinipita. Lakini mfululizo wenyewe niliushika, kwa sababu alikuwa anasimulia kisa, haongei kwa vichwa vya habari.

Ila kilichonifanya niandike haya ni muda wa maswali. Ulichukua karibu saa nzima.

Mzee mmoja aliyekaa safu mbili mbele yangu, kofia ya kiua, bakora ameilaza magotini, aliomba kipaza sauti. Akasema anatoka Kisarawe, ana shamba la mikorosho aliloachiwa na babu yake. "Sasa mwanangu, kama ardhi si yangu, nikiuza shamba nauza nini?" Ukumbi ukacheka kidogo. Mzungumzaji hakucheka. Aliandika swali lote kwenye karatasi, akavua miwani, akahamia Kiswahili moja kwa moja: "Shikamoo mzee. Swali lako ndilo mhadhara wenyewe." Akamweleza kwamba anachomiliki ni haki ya kukaa na kutumia, kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila inatambuliwa na sheria na ina hadhi sawa na ile ya hati ya serikali, na kwamba anapouza anahamisha haki ile pamoja na mikorosho yake na jasho lake, si udongo. Mzee akaitikia kwa kichwa kila kituo. Wanafunzi waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini.

Nikapata ujasiri. Nilisema nimebaindi tasnifu nyingi sana za vijiji vya watu, za wafugaji, za wavuvi, za wanawake na mashamba, na zote zinarudi chuoni. Nani anawapelekea wale walioulizwa maswali? Sikujibiwa kwa uhakika, na sikutegemea. Lakini wakati wa kutoka wanafunzi watatu walinifuata kuuliza nafanya kazi wapi, na mmoja wao alikuja wiki mbili baadaye na kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, muhtasari wa utafiti wake, akitaka kopi arobaini za kurudisha kijijini. Sikumtoza.

Nimeshaenda pia kwenye mihadhara ya taasisi nyingine, siitaji jina. Tangazo lilisema saa nane, tukaanza saa kumi na nusu kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani. Salamu na utambulisho vikala dakika arobaini. Mhadhara ukasomwa neno kwa neno, halafu mshereheshaji akatangaza kwamba kutokana na muda yatachukuliwa maswali mawili tu, na yote mawili yakaenda viti vya mbele. Kumwita mwananchi aje kuhesabu viti ni kumkosea. Kama hakuna muda wa maswali, andikeni kwenye tangazo tubaki na kazi zetu.

Kwa anayetaka kwenda Nkrumah: matangazo hubandikwa kwenye mbao za chuo na husambaa sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi, kwa hiyo mwombe jirani yako anayesoma akurushie. Fika nusu saa kabla, viti vya katikati huwahi kujaa. Beba maji. Beba na kalamu, maana mambo ya miaka na sheria hayakai kichwani. Mimi natumia migongo ya kopi zilizoharibika. Na swali uliandike kabisa kabla ya kunyoosha mkono, kwa lugha unayoiota usiku.

Lile tangazo la kwanza nimeligandisha mlangoni pa kibanda. Yakija mengine nayabandika hapohapo chini yake, na mteja akiuliza ni ya nani, namwonyesha ule mstari wa mwisho.