Uzoefu wangu: Sarafu 411,963 kwa gome moja la mti

Nimelicheza gemu hili miaka mitatu na nusu, na hadi mwezi uliopita ningelipa nyota tano bila kufikiri. Leo natoa mbili. Jina silitaji, anayelicheza atalijua tu nikifika kwenye mambo ya mnada.

Nina steshenari Ng'ong'ona, mitaa ya wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mchana natoa kopi, nabaindi ripoti za mafunzo kwa vitendo, nasaidia watoto wa watu kujaza fomu za mkopo. Usiku nikishafunga duka na bando la usiku likaanza kuhesabu, mimi ni mfua chuma. Ndani ya gemu, yaani. Nachimba madini, nafua panga, napeleka mnadani, wananunua watu ambao sijui hata wako nchi gani. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, nikafikisha sarafu 412,000. Nyingi nilizitolea jasho. Nyingine nilizinunua kwenye duka la gemu lenyewe, jumla kama shilingi 180,000 kwa miaka miwili. Kwangu hizo ni rimu 14 za karatasi. Msinicheke, kuna mtu hapa jirani anamaliza hela hiyo kwenye mikeka ya kubeti mpira kwa wikendi mbili, na hana hata panga la kuonyesha.

Jumapili moja asubuhi nafungua, salio 37. Si elfu 37. Thelathini na saba kavu.

Nyumba ipo, farasi yupo, panga zote zipo ukutani. Kwenye begi kulikuwa na kitu kimoja kigeni: gome la mti. Hilo ni takataka, ukikata mti wowote unalipata, na dukani linauzwa sarafu 3. Nikaingia kwenye kumbukumbu za mnada. Zinasema mimi mwenyewe nimelinunua gome hilo saa nane na dakika kumi usiku, kwa sarafu 411,963. Saa nane hiyo nilikuwa nakoroma. Nilitoka kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu Nkuhungu, nikapitiliza kitandani na viatu.

Ilinichukua muda kuuelewa mchezo wenyewe. Gemu haliruhusu kumtumia mtu sarafu nyingi moja kwa moja. Kwa hiyo mwizi anaweka takataka mnadani kwa akaunti nyingine, anaipangia bei inayokaribia salio lako, halafu anaingia kwenye akaunti yako na kuinunua. Kwa mitambo ya kampuni huo si wizi, ni mteja aliyepungukiwa akili. Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji wetu limetokana na tembo aliyezama kwenye tope, wakasema amedodomia. Sarafu zangu nazo zilidodomia hivyo hivyo, mchana kweupe kwa maana ya kumbukumbu, usiku wa manane kwa maana ya saa.

Nikabadilisha nywila, nikajiona mjanja. Jumanne wakaingia tena, wakamuuza farasi.

Hapo ndipo nilipokumbuka barua pepe. Niliifungua nikiwa kidato cha tatu, kwenye intaneti kafe ya mjini, na nywila yake ilikuwa jina la shule na mwaka. Nywila hiyo hiyo nikaitumia kila mahali, hadi kwenye tovuti za kupakua miziki ambazo siku hizi hazipo. Tovuti moja tu ikivuja, wezi wanachukua orodha ya barua pepe na nywila zake, wanaijaribu kwenye magemu na mitandao mingine yote kwa programu isiyochoka. Sikudukuliwa na fundi wa ajabu. Ni ufunguo wangu wa zamani ulijaribiwa kwenye mlango, mlango ukakubali.

Kilichonitisha zaidi nilikikuta kwenye mipangilio ya barua pepe. Mtu alikuwa ameweka kanuni: barua yoyote yenye jina la gemu iende moja kwa moja kwenye kapu la takataka, isionekane. Kapuni mle nikakuta maonyo tisa ambayo kampuni ilinitumia na mimi sikuyaona hata moja. Kumbe nilikuwa nabadilisha kitasa cha chumba wakati ufunguo wa geti uko mfukoni mwake. Nikabadilisha nywila ya barua pepe kwanza, nikafuta ile kanuni, nikafunga vifaa vyote vilivyokuwa ndani, nikaweka programu inayotoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30. Tangu hapo hajaingia mtu.

Sasa huduma kwa wateja. Siku tatu za kwanza nilijibiwa na mashine. Ya nne akaja binadamu, mpole kabisa, akaniomba tarakimu nne za mwisho za kadi niliyolipia mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu dukani. Mimi nililipia kwa ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu, na kwa usalama nilikuwa naifuta kila nikimaliza kununua. Usalama wangu ndio ukanigeuka. Ikabaki meseji ya muamala, na meseji ilikuwa kwenye simu ya zamani niliyompa dada yangu aliyeko Kondoa.

Nikampigia.

"Dada, shikamoo. Kwenye ile simu, naomba unitafutie meseji ya malipo ya mwaka juzi."

"Marahaba. Mwaka juzi? We umetapeliwa!"

"Sijatapeliwa, dada. Nimeibiwa sarafu."

"Sarafu gani tena jamani? Si nilikwambia ukiona tuma kwenye namba hii, usitume?"

"Ni za kwenye gemu."

Akanyamaza kidogo. "Umeibiwa hela ambazo hazipo."

"Zipo, nilizinunua."

"Ulinunua hela kwa hela?" Akamwita shemeji aje asikilize. Nilisikia wanacheka wote wawili, na kuku nyuma yao. Lakini jioni meseji ilikuja, amepiga picha skrini kwa simu ya mtoto, kidole chake kimefunika nusu ya tarehe. Ilitosha. Siku iliyofuata wakakubali kwamba akaunti ni yangu, na hapo nawapa haki yao: walikuwa na heshima na hawakunizungusha tena. Hata farasi walimrudisha.

Sarafu je? Hapana. Nikaambiwa kwamba kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali, sarafu si mali yangu, ni leseni ya kutumia kitu chao, na mauzo ya mnadani hayarudishwi. Wakanipa sarafu 5,000 za pole, ambazo haziuziki wala hazipelekwi mnadani.

Hapa ndipo nyota zangu tatu zilipopotelea. Siku ya kuniuzia, sarafu ilikuwa na bei kwa dola, risiti na namba ya muamala. Siku ya kuibiwa ikawa mwanasesere. Uholanzi jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Vijana wawili walimpiga na kumtishia kisu mtoto wa miaka 13 mwaka 2007, akalazimika kuwaachia hirizi na barakoa za kwenye gemu la RuneScape. Wakajitetea kwamba vitu hivyo si vitu. Mwaka 2012 mahakama ikasema ni vitu: mwenyewe alivitafuta kwa muda na juhudi, vilikuwa mikononi mwake, na wao wakavichukua. Yale yalikuwa mabavu na haya yangu ni udukuzi, najua, lakini ile hoja ya muda na juhudi inanihusu kabisa. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa. Askari niliyeongea naye alikuwa muelewa, akaandika vizuri habari ya barua pepe, ila alipofika kwenye panga na farasi akaweka kalamu chini kwanza.

Halafu kuna hili, ambalo hata dada angelielewa. Ukituma shilingi elfu mbili kwa simu, unaletewa jina la mpokeaji ulihakiki, unaombwa namba ya siri. Gemu hili linakuacha ununue kitu cha sarafu 3 kwa 411,963, usiku, kutoka kwenye kifaa kipya, bila hata kukuuliza una uhakika. Uthibitisho wa hatua mbili wanao, ila wameuficha chini kabisa ya mipangilio, baada ya rangi za kofia.

Na jihadharini na wanaokuja baadaye. Nilipolalamika kwenye soga ya gemu, akanifuata mtu anayejua Kiswahili vizuri, eti anarudisha sarafu kwa shilingi 30,000, tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wake. Namba nikaipeleka 15040 kunakoripotiwa matapeli wa simu, nikaendelea kutoa kopi.

Bado nacheza, kufua chuma napenda. Gome sijalitupa. Nimelitundika ukutani kwenye nyumba yangu ya kwenye gemu, juu ya panga. Juzi mchezaji mmoja alikuja kutembea, akalitazama, akaniuliza kama naliuza. Alinipa ofa ya sarafu 4.