Misimu mitatu na Trello kwenye stoo ya mahema, Moshi

Kazi yangu ni kupanga safari za Mlima Kilimanjaro kwa kampuni ndogo hapa Moshi mjini. Wageni 4 wakipanda kwa njia ya Machame siku 7, nyuma yao kuna watu wetu zaidi ya 15: kiongozi, wasaidizi wake, mpishi na wagumu, yaani wapagazi. Kila mmoja ana vitu vyake vya kubeba, na kila kitu lazima kiwe kimetoka stoo kabla gari halijawashwa asubuhi.

Miaka ya nyuma tulipanga yote haya kwenye grupu la WhatsApp. Mwezi wa nane mmoja, msimu umepamba moto, makundi mawili yaliondoka siku moja, moja Machame na jingine Lemosho. Saa tatu asubuhi kiongozi akanipigia kutoka geti la Machame: "Dada, hema la kulia chakula limefika bila vyuma vyake." Nilipanda ujumbe juu mpaka nikaukuta. Mtu wa stoo alikuwa ameandika siku mbili kabla kwamba vyuma viko kwa fundi, vinachomelewa. Ujumbe ule ulikuwa umefunikwa na salamu, picha za kileleni na mchango wa harusi. Dereva alirudi mjini kuvifuata, wageni wakamsubiri getini. Iliniuma sana, maana taarifa ilikuwepo na hakuna aliyezembea kuitoa.

Trello, programu ya kupanga kazi kwenye simu au kompyuta, nilionyeshwa na kijana wa ofisini. Ilianza 2011 Marekani, na 2017 ikanunuliwa na Atlassian, kampuni ya Australia. Wazo lake limetokana na kanban, utaratibu wa viwanda vya magari vya Toyota kule Japani, na neno lenyewe kwa Kijapani maana yake ni kibao au bango. Ni ubao tu. Una safu zilizosimama, ndani ya safu kuna kadi, na kazi inavyosonga unaikokota kadi kutoka safu moja kwenda nyingine. Majina ya safu unaandika mwenyewe, kwa lugha unayotaka.

Zetu ni hizi: Imethibitishwa, Malipo ya Hifadhi, Sokoni, Stoo, Iko Mlimani, na ya mwisho, Imerudi Haijakaguliwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Zamani kundi likishuka geti la Mweka tulihesabu kazi imekwisha. Watu wanalipwa, wanaagana, mahema yanatupwa stoo yakiwa na unyevu. Sasa kadi ya safari haifungwi mpaka kila hema lisimamishwe uani, zipu zivutwe, vyuma vihesabiwe. Kitu kibovu kinafunguliwa kadi yake yenyewe, na picha, na jina la fundi aliyepelekewa, na tarehe ya kukichukua. Siku ikipita, tarehe iliyo kwenye kadi inageuka nyekundu, na kila anayefungua ubao anaiona bila kutafuta.

Jambo jingine ninalolipenda ni kadi ya mfano. Nilikaa jioni mbili na mpishi wetu mkuu, tukaandika kila kitu kinachopanda mlimani, kuanzia mtungi wa oksijeni na kipimo cha oksijeni ya damu mpaka kibiriti cha akiba. Safari mpya ikiingia nainakili ile kadi, orodha inakuja nzima, na wa stoo anatia tiki kimoja kimoja. Mpishi akikumbuka kitu kipya tunakiongeza kwenye mfano, safari zote zinazofuata zinakipata.

Uzito na pesa siviweki humo. Mzigo wa mgumu mmoja mwisho wake kilo 20, na mizani iko getini, kwa hiyo hesabu hiyo naifanya kwenye Google Sheets, programu ya majedwali inayojumlisha yenyewe na kunionyesha kama nahitaji kuongeza mtu. Ina pia kumbukumbu ya mabadiliko: mtu akifuta safu ya namba kwa bahati mbaya, unarudi kwenye hali ya jana. Ukiiwekea faili lako ruhusa ya kutumika bila mtandao, unaendelea kuandika hata bando likiisha.

Trello nayo kwenye simu inakubali kazi bila mtandao, kisha inapeleka mabadiliko mtandao ukirudi. Kule juu mtandao unakuja na kuondoka, hivyo nawaambia viongozi waufungue ubao wakiwa bado mjini, uwe umeshashuka kwenye simu.

Mpango wa bure una mipaka yake. Watu ni 10 tu kwa eneo moja la kazi, na faili moja lisizidi MB 10, yaani picha inaingia lakini video ndefu hapana. Sisi tumewaingiza ofisi, stoo, wapishi na viongozi wakuu. Wagumu tunawapigia simu, na sioni haja ya kubadilisha hilo, kwa sababu mtu anayesubiri kazi anataka kusikia sauti. Orodha ya majina bado naichapa kwenye karatasi, dereva anaondoka nayo.

Kuna mtu atauliza kuhusu zile chati za Gantt zenye mistari ya muda. Kaka yangu anajenga Kiboriloni na zinamfaa, kwa kuwa nyumba haipauliwi kabla ya lenta, na fundi akichelewa wiki moja kila kinachofuata kinasogea. Kwenye Trello mwonekano wa namna hiyo uko kwenye mpango wa kulipia, kwa hiyo yeye anapaka rangi visanduku vya Google Sheets. Safari za mlima ni kazi ileile inayojirudia, na ninachohitaji kujua kila asubuhi ni kila kundi limefika wapi.

Masika yakianza na wageni wakipungua, tunakaa stoo kupitia kadi zilizohifadhiwa. Mwaka huu tuligundua jiko moja limepelekwa kwa fundi mara 4 ndani ya msimu mmoja, na kila mara aliyelipeleka alikuwa mtu tofauti. Tumelitoa. Jipya lina kadi yake, na tarehe tuliyolinunua.