Vibanda vya kuingiza nyimbo Makoroboi, bado vinahitajika

Jamani kama uko Mwanza na bando linakuishia kila siku pita Makoroboi kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, mi naenda kwa kijana mmoja mstaarabu sana, unampa flashi au memori kadi anakujazia, na sio bongofleva tu, ana ngoma za Kisukuma, za yale makundi mawili ya wachezaji, bagika na bagalu, video ambazo bibi yangu kule Magu anaziangalia kwenye simu hata mtandao ukiwa hamna. Hicho ndo nakipenda, ikishaingia kwenye kadi ni yako, hakuna wa kukufungia kama mtandao wa X (Twitter ya zamani) ulivyofungwa hapa nchini Mei 2025. Bei poa. Ila mafaili mengi hayana jina la msanii, inaniuma kweli, nimemwomba awe anaandika.