Uniti 96 za Ohio: tathmini ya udhamini wa masomo kwa askari wa Gadi ya Taifa

Miongoni mwa mipango ambayo majimbo ya Marekani hutumia kuwalipia ada ya chuo askari wao wa Gadi ya Taifa, yaani wanajeshi wa muda wa jimbo, ule wa Ohio nauweka safu ya mbele kwa ukarimu, na papo hapo nauhesabu kuwa mmoja wa mipango ambayo kijana anaweza kuitumia vibaya hadi ikaisha bila yeye kugundua. Askari wa Gadi hiyo ambaye hana shahada ya kwanza hulipiwa asilimia 100 ya ada ya masomo pamoja na ada za jumla katika chuo cha umma cha jimbo hilo. Akichagua chuo binafsi kilichomo katika mpango, jimbo hulipa kiasi kinachokadiriwa kwa wastani wa ada za vyuo vikuu vya umma, na kinachozidi hapo ni juu yake. Kipato cha wazazi hakiulizwi, wala fedha hazirudishwi ikiwa mkataba wa jeshi umetimizwa. Naandika hasa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili katika miji kama Columbus na Dayton, nyingi zikiwa zimetoka Kongo, ambazo vijana wao hufuatwa na maafisa wa usajili wakiwa bado sekondari, na ambazo aghalabu husikia maneno mawili tu, "shule bure", kabla ya karatasi kuwekwa mezani.

Kwanza ieleweke ni askari yupi anayehusika. Gadi ya Taifa ni ya jimbo: kwa kawaida iko chini ya gavana, ingawa rais anaweza kuiita kwa kazi za serikali kuu. Jeshi la Akiba, kwa upande mwingine, ni la serikali kuu moja kwa moja. Wote hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na takribani wiki mbili kwa mwaka, wote huvaa sare zinazofanana, na mtu wa nje hawezi kuwatofautisha; lakini udhamini wa Ohio ni wa Gadi peke yake, ya nchi kavu na ya anga. Aliyetia saini upande wa Akiba hapati hata senti ya mpango huu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza afisa wa usajili, kabla hata ya kuuliza habari za mshahara, ni anasajilia upande upi.

Jambo ambalo mabango hayalisemi ni kwamba udhamini wenyewe haupimwi kwa dola, bali kwa uniti. Mwenye mkataba wa miaka 6 hupewa uniti 96, na mwenye mkataba mfupi zaidi, usiopungua miaka 3, hupata nusu yake, yaani 48. Katika chuo kinachofuata mfumo wa semesta, mwanafunzi anayesoma krediti 12 au zaidi (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi anazosoma) hukatwa uniti 12 kwa muhula. Krediti 9 hadi 11 hukatwa uniti 9. Krediti 6 hadi 8, uniti 6. Na krediti 3 hadi 5, uniti 3. Ukigawanya 96 kwa 12 unapata mihula 8, ambayo ni miaka minne ya masomo ya kutwa, na hapo wengi hufunga daftari wakiwa wameridhika.

Lakini shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti 120. Mwanafunzi anayesoma krediti 12 kila muhula, kwa kuwa ndicho kiwango cha chini cha kuhesabiwa mwanafunzi wa kutwa, atafika mwisho wa muhula wa nane akiwa na krediti 96 mkononi, uniti zimekwisha, na bado amebakiza krediti 24, mwaka mzima wa kujilipia mwenyewe. Mwenzake aliyesoma krediti 15 kila muhula amekatwa uniti zile zile 12, na baada ya mihula hiyo hiyo minane anavaa joho. Krediti tatu za ziada hazikumgharimu uniti hata moja. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaosoma nusu siku: krediti 8 hukatwa sawa na krediti 6, krediti 11 sawa na 9, hivyo anayejua hesabu husoma kuelekea ukomo wa juu wa kila daraja badala ya kukaa chini yake. Sisemi ni kazi nyepesi. Krediti 15, wikendi ya mazoezi na zamu ya usiku ghalani ni mzigo unaoweza kuangusha alama za mtu mzima, na yule ambaye Kiingereza chake cha darasani bado kinachongwa anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuanza na 12. Lakini afanye hivyo akijua gharama yake.

Hesabu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawagusa watu wetu kuliko wengine. Uniti hukatwa bila kuangalia bei ya chuo. Muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako ada ya mkazi wa jimbo inapita dola 6,000, hukatwa uniti 12. Muhula mmoja katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kama Sinclair cha Dayton, ambacho ada yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo, hukatwa uniti 12 vile vile. Kijana wetu huanza chuo cha jamii kwa busara kabisa, kwani ni karibu na nyumbani na madarasa ni madogo, kisha anaweka ombi la udhamini muhula wa kwanza kwa sababu ameambiwa ni haki yake. Baada ya miaka miwili anahamia chuo kikuu akiwa na uniti 48 zilizobaki, na zile 48 za mwanzo zimenunua kitu ambacho angeweza kukipata kwa njia nyingine. Njia hiyo ni ruzuku ya Pell ya serikali kuu, inayoombwa kwa fomu ya FAFSA, ambayo wakimbizi na wenye kadi ya kijani (kibali cha ukazi wa kudumu) wanaruhusiwa kuiomba, na ambayo kiwango chake cha juu katika mwaka wa masomo 2024/2025 kilikuwa dola 7,395. Kwa familia ya kipato kidogo kiasi hicho hutosha ada ya chuo cha jamii na kubakiza nauli.

Lipo jibu la upande wa pili, nami silipuuzi. Udhamini ukilipa ada, fedha za Pell huachwa huru kwa kodi ya nyumba, vitabu na chakula, na kwa kijana anayesaidia wadogo zake pesa ya leo ina uzito kuliko uniti ya miaka miwili ijayo. Atakayeamua hivyo kwa kujua, sina neno naye. Ninachokipinga ni kuamua kwa kutojua, na maelezo ya mpango, pamoja na usahihi wake wote, yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anaelewa tofauti kati ya uniti na krediti.

Utaratibu wa kuomba ni mfupi, ila ni mkali. Ombi hufanywa upya kwa kila muhula: mwisho ni tarehe 1 Julai kwa muhula wa vuli, 1 Novemba kwa semesta inayofuata, na 1 Aprili kwa masomo ya majira ya joto, vyuo vya mihula ya robo mwaka vina tarehe ya ziada, 1 Februari. Hiyo ya Julai ndiyo yenye mtego. Inaangukia katikati ya likizo, wakati chuo kimelala na mara nyingi kikosi kiko kwenye mazoezi yake ya mwaka porini, ambako simu huzimwa. Fomu yenyewe hujazwa kwa muda mfupi kuliko unaotumika kupika wali, na hakuna sababu ya kusubiri mwezi wa mwisho.

Vitabu, malazi, chakula na ada maalumu kama za maabara havimo. Hapo ndipo misaada ya serikali kuu inapoingia, na sifa kubwa ya mpango wa Ohio ni kwamba hauizuii. Askari mwenye mkataba wa miaka 6 aliyemaliza mafunzo ya awali anaweza kupata posho ya masomo ya askari wa akiba, ambayo licha ya jina hilo ni ya Gadi pia, na ambayo katika mwaka wa masomo 2024/2025 ilikaribia dola 500 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa kutwa, kwa muda usiozidi miezi 36, na fedha hizo hulipwa kwake mwenyewe, si kwa chuo. Upo pia msaada wa ada wa jeshi, hadi dola 250 kwa krediti.

Sasa bei. Anayeingia jeshini kwa mara ya kwanza hufunga wajibu wa miaka 8 kwa jumla, hata kama ni 6 tu atakayoitumikia kwa mazoezi ya kila mwezi. Mafunzo ya awali ya nchi kavu huchukua wiki 10, kisha hufuata mafunzo ya fani ambayo yanaweza kuwa ya wiki chache au ya miezi mingi, na muhula mmoja au zaidi hupotea hapo. Anayeacha kabla ya wakati anaweza kudaiwa na jimbo fedha alizolipiwa, pamoja na riba.

Mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, alikuja na mwanawe nimsaidie kuisoma mikataba. Alisikiliza habari zote za ada na uniti bila kusema kitu, kisha akauliza: "Papa, hawa wenye kumulipia masomo, siku wakimuita, anaweza kukataa?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Akiitwa anakwenda." Akatoa miwani, akaifuta kwa kitenge, akairudisha, akaniomba nianze tena kusoma kutoka ukurasa wa kwanza. Kwa mtu aliyekimbia watu wenye sare, hilo ndilo swali linalotangulia hesabu zote nilizozitaja.

Jibu lake limo katika kumbukumbu za Gadi ya Ohio yenyewe. Machi 2020 askari wake walipangiwa kufungasha vyakula vya misaada kwenye maghala. Desemba 2021 gavana Mike DeWine aliwatuma zaidi ya 1,000 kusaidia hospitali zilizoelemewa na wagonjwa wa korona. Agosti 2025 askari 150 wa polisi ya jeshi walipelekwa Washington. Wengine hupelekwa ng'ambo. Na tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, askari wa Gadi hii hii waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam, wakaua 4 na kujeruhi 9. Leo Kent State ni mojawapo ya vyuo vya umma ambako udhamini huu hulipa ada yote. Silitaji hilo kumkatisha tamaa mtu, ila anayevaa sare hiyo na kusoma hapo atapita karibu na kumbukumbu ya wale wanafunzi, na ni vizuri ajue.

Nikiulinganisha na majimbo mengine, Ohio inashinda Minnesota kwa jambo moja la wazi: Minnesota, kama jina la mpango wake linavyosema, hurejesha ada, maana yake mwanafunzi hubeba deni la muhula kwanza, na kwa asiye na akiba benki hiyo ni tofauti kubwa. Illinois hulipia vyuo vya umma tu, na pale bunge linapotenga fedha pungufu, vyuo hulazimika kubeba pengo bila mwanafunzi kulihisi. Pennsylvania ndiyo inayonitia wivu. Tangu sheria iliyotiwa saini na gavana Tom Wolf mwaka 2019, askari anayeongeza mkataba wa miaka 6 anaweza kuwapatia mwenzi au watoto wake hadi mihula 10 ya masomo. Kwa familia zetu, ambamo mmoja husomesha watano, Ohio ingefanya vyema kuiga.

Kwa kijana mwenye kadi ya kijani, anayekusudia shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha umma na ambaye angeingia Gadi hata bila ada kulipwa, naupa mpango huu alama za juu sana. Anayetaka cheti kifupi cha chuo cha jamii na anastahili Pell kamili, sioni kwa nini aikodishe miaka 6 ya ujana wake kwa ada ambayo tayari ina mlipaji. Na mwenye shahada ya kwanza tayari hastahili kabisa. Akiwa ameshaingia Gadi, aulize katika ofisi ya elimu ya kikosi chake kuhusu ule msaada wa dola 250 kwa krediti, kwa sababu huo hulipia na shahada ya uzamili.