Surf ya dizeli nikiwa na miaka 23: gari nyota nne, bima nyota mbili

Nimekaa na gari langu la kwanza miezi kumi na moja sasa. Ni Toyota Hilux Surf ya 1999, dizeli, injini ya 1KZ-TE ya lita 3 yenye tabo. Nililinunua nikiwa na miaka 23, pamiti yangu ya udereva haijatimiza hata mwaka. Gari nalipatia nyota nne. Bima naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya wakala aliyenihudumia, si ya kampuni.

Kwa nini dizeli? Natoa asali Arua naileta Kampala, madumu ya lita 20, mara mbili kwa mwezi. Ni karibu kilomita 500 kwenda tu, kupitia Karuma na Pakwach. Zamani nilikuwa napakiza kwenye basi, dumu likipasuka kila mtu ananitazama mimi. Marafiki wote walinishauri gari dogo la petroli, "utauza tena haraka." Wana haki kama unazunguka mitaa ya mjini tu, Ntinda na Bugolobi. Mimi nabeba kilo mia nne nyuma na kupanda vilima, na hapo dizeli inavuta bila kulia. Barabara kuu linanipa kama kilomita 10 kwa lita, kwenye jamu ya Kampala 7, na bei ya dizeli kwa kawaida inakuwa chini kidogo ya petroli.

Nilizunguka kwanza kwenye mabondi, yadi za magari yaliyoingizwa kutoka nje, upande wa Nakawa. Prado za dizeli zipo, zinang'aa, na bei zake si za muuza asali. Surf kama yangu huwezi kuikuta bondi: tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 toka litengenezwe. Zilizobaki ziko mikononi mwa watu, na kila moja imebeba tabia za mwenyewe.

Yangu niliipata Bombo, kwa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu. Nilimchukua fundi wa Kisenyi, mtu wa kwetu West Nile, nikampa laki moja, tukafika saa moja asubuhi. Kabla salamu hazijaisha fundi alishaweka kiganja juu ya boneti.

"Limepoa," akasema. "Sawa, afande, sasa tunaweza kuongea."

Usikubali kukuta gari la dizeli limeshawashwa, hata kama mwenyewe anasema alikuwa anakusogezea tu. Dizeli iliyochoka huficha maradhi ikishapata moto. Ikiwa baridi ndipo utajua kama hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, zinafanya kazi, kama nozo zinanyunyiza vizuri, na moshi wa kwanza una rangi gani. La kwetu lilishika mara ya pili, likatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha kabla sijahesabu ishirini.

Kisha akaja kwenye kifuniko cha rejeta, alichokuwa amekifungua mapema wakati maji bado baridi. Hapo ndipo Surf nyingi zinafia. Silinda hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na injini ikichemka vibaya hata mara moja, hedi inapasuka kati ya valvu. Ukiona mapovu yanatoka kwenye maji bila kukoma, moto wa silinda umeshapata njia ya kuingia kwenye maji. Tuliona mapovu machache, maji yakatulia. Fundi aliendelea kuinama pale dakika kumi nzima, kama mtu anayechungulia kisima. Halafu injini ikiwa inanguruma akachukua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini, akakiweka juu ya tundu lake. Kilitetemeka lakini hakikuruka. Kingeruka, maana yake pistoni zinapumulia chini.

Mimi mchango wangu ulikuwa mmoja tu, na najivunia mpaka leo. Pembeni ya injini kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani, zile zinazobandikwa mkanda wa taimingi ukibadilishwa, chafu kwa oili. Niliifuta kwa kidole. Herufi sikuzielewa, lakini namba ni namba: 18, kisha 5, kisha 162,400. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na mwaka wa 18 wa enzi ile ni 2006. Yaani mkanda wa taimingi ulibadilishwa Mei 2006, gari likiwa na kilomita 162,400. Dashibodi ilikuwa inasoma 131,000, yaani kuna mtu aliirudisha nyuma.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akanyamaza. Naamini naye aliuziwa hivyo hivyo. "Kijana," akasema mwishowe, "sema bei yako." Alikuwa ameomba milioni 26, tulimaliza kwa 22.5. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kisekka kununua mkanda mpya. Logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, tulihakiki kabla ya pesa kutoka mkononi, maana wapo wanaouza gari wakati logibuku iko rehani kwa mkopeshaji.

Sasa bima. Thadi pati, bima ya mtu wa tatu, ni ya lazima kisheria, na kwa gari binafsi ni rahisi, haifiki laki moja. Ila wengi hatusomi inacholipa: ni kifo na majeraha ya mtu mwingine tu, tena mwisho shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Ukibomoa gari la mwenzako au geti lake, hiyo ni juu yako. Lako ndiyo usiulize.

Nikatafuta bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Kampuni mbili zilikataa kwa sababu ya umri wa gari. Ya tatu ilikubali baada ya mthamini kuliona, asilimia 5 ya thamani. Ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru wa stempu, nikalipa karibu milioni 1.35. Mjomba alinishauri niandikishe kwa jina lake, yeye ana miaka 51. Wakala, dada mmoja mpole, akamjibu mbele yangu: "Mzee, siku ya ajali watauliza nani alikuwa kwenye usukani, na kila siku ni nani." Kuficha dereva halisi ni sababu tosha ya kunyimwa fidia. Aliniuliza pia kama nabeba mzigo wa kuuza. Nikasema ndiyo, bei ikapanda kidogo, nikaumia, lakini asali imeandikwa kwenye karatasi.

Alichosahau kunionyesha kilikuwa ukurasa wa nne. Mwezi wa saba, pale Bwaise, nilikwepa boda nikapiga ukingo wa mtaro: bampa, taa, na ubavu wa mbele. Makadirio milioni 1.4. Kumbe kuna kiasi cha kujibebea mwenyewe, kisichopungua laki tano. Na chini yake, kwa herufi za sisimizi, laki tano nyingine kama dereva hajafika miaka 25 au pamiti yake haina miaka miwili. Nilisubiri wiki sita kupokea laki nne.

Nilimpigia wakala nikiwa na hasira. Hakujitetea. Alisema alipaswa kunisomea mstari ule siku ya kwanza, na mwezi huu alipokuja na karatasi za mwaka mpya alianza na ukurasa wa nne. Bima nitaikata tena, kwa sababu Surf zinaibiwa na njia ya Karuma usiku si ya mchezo. Nimeomba kile kiasi cha vijana kipunguzwe kwa kuongeza malipo kidogo, nasubiri jibu. Miaka 25 natimiza Machi ijayo, na tarehe hiyo dada wa watu ameshaiandika kwenye shajara yake.