TAHADHARI: Jamaa wa injini za Land Rover "zilizofanyiwa ovaholi" kanipiga mchana kweupe

Nimekaa na jambo hili siku tisa. Kila nikishika simu niandike, aibu inanijaa, naiweka. Leo nimesema bora niaibike mimi mmoja kuliko mwenzangu mwingine kubeba akiba yake akampelekee yule mtu.

Kuna jamaa anauza injini za Land Rover za zamani, zile za petroli za lita 2.25, na anadai kila moja imefanyiwa ovaholi kamili, yaani imefunguliwa yote na kufanywa upya. Jina sitaliweka hapa kwa sababu malalamiko yangu yako mbele ya wanaohusika na nimeombwa nitulie. Kutulia kwenyewe ndiko huku.

Bibi, Land Rover yangu, mnamjua. Series III, wa 1973, bado anatembea na bodi aliyozaliwa nayo. Injini yake ya kwanza ilivyokufa mnajua, na nani alikuwa kwenye usukani siku ile mnajua pia, tusirudi huko. Tangu hapo nikaapa simrudishii injini ya meni beringi tatu, zile beringi kubwa zinazoishika krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Nilitaka ile ya beringi tano iliyoanza kufungwa 1980, maana krenki inashikwa sehemu tano badala ya tatu, na mtu mwenye mguu mzito kama mimi anaihitaji. Ubaya wa injini hizi mbili ni kwamba ukizitazama juu juu zinafanana kama mapacha. Ushushe sampu, lile trei la oili chini ya injini, uhesabu vifuniko vya beringi, ndipo ujue. Hilo nilikuwa nalijua tangu zamani na halikunisaidia kitu.

Nilipompigia mara ya kwanza nilimwambia niko tayari kutuma kishika nafasi. Akakataa. "Kaka, usitume hata senti. Njoo kwanza uisikie ikinguruma, ukiridhika ndipo tuongee." Niambieni, tapeli gani anakataa hela? Nilikata simu nikamwambia mama watoto, huyu ni mtu wa kweli.

Nikafika. Injini iko juu ya stendi nyekundu, imepigwa rangi ya kijivu inayong'aa, mdomo wa kabureta umefunikwa kitambaa safi kimefungwa kwa uzi. Spana za inchi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, hakuna hata ndoano moja iliyo tupu. Mimi spana zilizopangwa zinanilegeza, ni ugonjwa wangu. Akaniuliza mfuatano wa moto, silinda ipi inawaka baada ya ipi, kama ananitania, nikajibu 1-3-4-2 haraka kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Akacheka. Akatoa kifuniko cha valvu, akanipa fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi ya valvu: "Pima mwenyewe." Nikapima zote nane. Kila moja 0.25 mm, kibati kinapita kwa ule ugumu kidogo unaotakiwa. Nilipomrudishia fila geji nilikuwa nimeshanunua, nasema kweli. Kwamba kupanga valvu ni kazi fupi ambayo hata injini mfu inaweza kupangwa, hilo halikunijia. Maiti pia huchanwa nywele.

Sasa kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda. Akatoa plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa oili, ile ya kuchuruzika, tone moja likadondoka juu ya kiatu changu. Nikamuuliza. Akajibu bila kugeuka: "Injini ikikaa lazima uimwagie oili kwenye silinda, kaka, la sivyo ringi za pistoni zinashika kutu. Wewe si unajua haya." Na kweli najua! Mimi mwenyewe humfanyia Bibi hivyo nikimlaza muda mrefu. Akafunga geji yake, kioo kina ufa unaoanzia kwenye 100 mpaka ukingoni, akapiga stata. 155. 150. 155. 160. Nne zote. Nikajiona nimeokota lulu.

Tazameni ujinga wangu basi. Kila aliyewahi kushika geji ya kompresheni anajua kwamba silinda ikisoma chini, unaimwagia kijiko cha oili kisha unapima tena. Ikipanda, ringi zimechoka au silinda imelika, kwa sababu oili imeziba pale palipokuwa panavuja. Isipopanda, katazame valvu. Yaani yule mtu alinifanyia kipimo cha pili bila kunionyesha cha kwanza. Kiatu changu kimelowa ushahidi, na mimi natikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi.

Akaiwasha. Ikashika mara moja, sauti kama cherehani. Moshi wa buluu ukajaa, akasema ile oili ya kuhifadhia inaungua, itaisha. Sindano ya presha ya oili ikapanda ikakaa juu, haitikisiki. Baada ya dakika mbili akazima. "Stendi haina rejeta, nikiiacha ichemke nitaua hedi." Hata hapo nilimsifu moyoni! Nikasema huyu anaijali injini kuliko mauzo.

Nilikuwa na sumaku mfukoni. Ile ninayotembea nayo siku zote ya kutafutia puti, ile gundi ya kuzibia mabati, kwenye magari ya watu. Ilikuwa mfukoni tangu nafika mpaka naondoka, sikuitoa.

Mama watoto akapiga simu wakati tunaifunga kamba: "Umeifungua ukaona ndani?" Nikamjibu kwamba fundi wa aina hii huwezi kumwambia akufungulie, ni kumtukana. Na muuzaji tayari alishanitumia picha ya sampu ikiwa chini, vifuniko vitano vinaonekana vizuri kabisa. Maneno hayo ya "kumtukana" nayasikia nyumbani asubuhi na jioni tangu siku ile.

Tuliifunga wikendi mbili, mimi na kijana. Kabla ya kuwasha nikamwaga oili aliyonipa nayo ili niweke 20W-50 yangu. Ikatoka polepole, nzito, inavutika, na ile harufu. Aliyewahi kufungua difu, lile sanduku la gia za ekseli, anaijua, kiberiti kilichochanganyika na kitu kilichooza. Oili ya gia, nzito ya kuficha presha ndogo! Ndani ya injini! Kijana akasema, "Baba, hii inanuka difu." Nikamwambia ni ya kuhifadhia. Mtoto wa miaka kumi na sita alinusa ukweli, mimi nikamnyamazisha. Naomba sehemu hii msiniulize zaidi.

Tukawasha. Dakika tano, safi. Dakika kumi, safi, nikaanza kupiga picha. Karibu na ishirini, joto limefika mahali pake, sindano ya presha ikaanza kushuka taratibu. 40. 30. 20. Nikigusa mafuta inapanda kidogo, nikiachia inalala karibu na sifuri. Halafu ikaanza kugonga chini, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa stoo. Moshi wa buluu haujapungua hata kidogo. Na pembeni ya bloku, chini ya rangi ile nzuri ya kijivu, maji yakaanza kutoa jasho kwenye mstari wenye urefu wa kidole changu cha kati. Rangi ikavimba, ikapasuka, ndani yake ikatokea gundi ngumu ya kijivu. Hapo ndipo nilipotoa sumaku. Pembeni inang'ang'ania, juu ya mstari inateleza na kuanguka.

Nikashusha sampu nikiwa nimelala chini ya Bibi. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikahesabu tena kuanzia upande wa flaiwili, nadhani nilitegemea upande ule ziwe nyingi zaidi. Tatu. Nikafungua kifuniko cha katikati, beringi imelika mpaka shaba inaonekana, nyekundu. Kwenye krenki kuna mikwaruzo ambayo kucha inanasa. Hedi ikatoka, juu ya kila silinda kuna ngazi iliyoachwa na ringi, alama ya silinda iliyolika. Aliniambia zimechongwa na kuwekwa pistoni za ovasaizi ya 020, kubwa kuliko za kiwandani kwa karibu nusu milimita. Pistoni za ovasaizi huwa zimegongwa namba kichwani. Nikasugua kaboni zote nne mpaka zikang'aa, hakuna namba. Silinda ya kiwandani ni 90.47 mm. Namba tatu niliipima juu, chini tu ya ile ngazi, ikanipa karibu 90.8. Hiyo haijaona mashine ya kuchongea tangu itoke kiwandani.

Usiku ule nikairudia picha yake ya vifuniko vitano. Injini kwenye picha imelala juu ya benchi la mbao la kijani. Pale kwake hakuna benchi la kijani. Hakuna benchi lolote la mbao.

Nikampigia. Mara ya kwanza akasema labda nimefunga vibaya. Mara ya pili akasema risiti ninayo, niisome. Nikaisoma: "injini moja, kama ilivyo." Na saini yangu chini yake, nzuri, imenyooka, ya mtu mwenye furaha. Mara ya tatu hakupokea, mpaka leo.

Mtu huyu afungwe. Nasema afungwe na sitaki kuambiwa nipunguze hasira. Akitoka apewe tangi la mafuta lililokaa na kutu miaka thelathini alisugue kwa mswaki, kwa ndani, kupitia tundu la kujazia. Alazwe chini ya sampu inayovuja, mdomo wazi. Zile spana zake za ukutani zichanganywe na za milimita kwenye ndoo moja, azipange upya kila asubuhi, na kila jioni zichanganywe tena. Wanaosema "ni biashara tu" waje wanisaidie kuishusha hii injini mara ya pili, mgongo wangu hauko tayari. Na kuna mmoja wenu aliyeniambia yule jamaa ni mzuri, ananijua na mimi namjua, tutaonana.

Mtaniuliza dalili. Dalili zilikuwepo, nimeshazisema zote humo juu kwa uchungu. Plagi zilizolowa: mwambie aikaushe silinda, mzungushe injini, kisha mpime tena mbele yako. Kijiti cha oili kivute, kinuse, ni pua tu. Injini isiyochemka hujaisikia. Yaani hilo la rejeta ndilo lililoficha yote kwa pamoja, presha, ufa, hata kule kugonga, na rejeta ya kuazima ningeweza kwenda nayo mimi mwenyewe, ninazo mbili nyuma ya nyumba! Mbili! Rangi mbichi juu ya bloku, ile iliyopita mpaka juu ya gasketi na vichwa vya bolti. Risiti yenye "kama ilivyo", mtu anayesema amechonga silinda mwambie alete karatasi ya aliyechonga. Sampu ishushwe mbele yako, ni bolti chache, asikudanganye mtu kwamba ni matusi. Mengine nitayakumbuka nikitulia, sijatulia.

Krenki ya beringi tatu iliyo hai mwenye nayo aniambie. Ndiyo, tatu, msinicheke, bloku la zamani bado ninalo na nimeshameza kiapo changu. Kijana ndiye atakayeikagua.

Jana kuna mtu kanitumia tangazo jipya. Jina jingine, namba nyingine, injini safari hii imepigwa rangi ya buluu, "beringi tano, haijatembea tangu ovaholi". Kuna picha ya geji ya kompresheni inasoma 155. Nikaikuza. Kioo kina ufa unaoanzia kwenye 100 mpaka ukingoni.